Mzee Akivamiwa, Kazi ya Kwanza ni Kutoanguka

Kila baada ya muda fulani mtu hunitumia kwenye simu video ya ajuza mwenye mvi anayemrusha kijana wa miraba minne juu ya bega lake, na chini ya video hiyo huwa kuna watu wengi wanaoshangilia wakisema kwamba uzee si kitu. Mimi huzitazama hadi mwisho kwa sababu zinafurahisha, kisha huzifuta, kwa maana katika miaka yote niliyofanya kazi ya kunyoosha viungo hospitalini sikumwona mzee aliyeumia kwa kushindwa kumrusha mtu. Niliowaona waliumizwa na ardhi. Kijana alivuta mkoba, mwenye mkoba akaung'ang'ania, akaburutwa, akaangukia ukingo wa barabara, na mfupa wa paja ukavunjika karibu kabisa na nyonga. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitambulisho, hanchifu na nauli ya kurudi nyumbani.

Mtu aliyepita miaka 60, ambaye Kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humtambua kuwa mzee katika jamii, hawezi kuingia katika purukushani kwa mwili aliokuwa nao akiwa na miaka 20. Uzito wa mifupa umepungua, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Misuli ya mapaja imenywea. Jicho huchelewa kuzoea giza mtu anapotoka penye mwanga. Na baadhi ya dawa za shinikizo la damu humtia mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ana hatari nyingine isiyoonekana, kwamba pigo dogo la kichwa, ambalo kijana angelipapasa tu na kuendelea na safari yake, linaweza kumvujisha damu ndani ya fuvu polepole hadi siku ya pili. Aliyevunjika nyonga mara nyingi harudii mwendo wake wa awali hata akifanyiwa upasuaji mzuri, na si wachache wanaoaga dunia kabla ya mwaka kwisha, wakiuawa na nimonia au na damu iliyoganda miguuni, wakati ambapo yule kijana wa mkoba amekwisha kusahau. Kwa hiyo nikiulizwa ni pigo gani ambalo mzee ajifunze kwanza, mimi hujibu kwamba ajifunze kwanza kusimama.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi asubuhi katika uwanja wa kanisa hapa Migosi, Kisumu, na sehemu kubwa ya muda huo haifanani kabisa na mapigano. Watu huketi kwenye viti vya plastiki na kuinuka bila kujishika popote, wakirudia hadi mapaja yaanze kulalamika. Hutembea kando ya ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, mkono ukiwa karibu na ukuta lakini hauushiki. Hurudi nyuma kwa hatua fupifupi bila kupishanisha miguu, kwa sababu mzee anayesukumwa kifuani huanguka chali hasa pale mguu mmoja unapojikwaa kwenye mwenzake. Ukisimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yakiwa yamelegea kidogo na nyayo zimeachana kwa upana wa mabega, msukumo ambao ungekulaza chini hukupeleka nyuma hatua moja tu. Mazoezi ya Kichina yanayoitwa taijiquan yamefanyiwa utafiti mwingi na kuonekana kupunguza maanguko ya wazee, na ukiyachunguza utaona kwamba kiini chake ni hicho hicho cha kuhamisha uzito wa mwili polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Na viatu viwe vya kufunga. Kandambili na viatu vya kuchopeka vimewaangusha wengi kuliko wezi wote wa Kondele.

Baada ya miguu ndipo tunapofika kwenye mikono. Katika kikundi kuna dani mmoja, yaani bibi kwa Kiluo, anayeuza omena katika soko la Kibuye, mwembamba, mfupi, na mikono yake imekauka kwa chumvi na jua. Nilimshika kifundo cha mkono wa kulia kwa nguvu nilizo nazo nikamwambia ajinasue. Alivuta kuelekea kifuani kwake, kama anavyofanya kila mtu anayeshikwa, na mkono haukutoka. Nikamwonyesha mahali ambapo kidole gumba changu kinakutana na ncha za vidole vingine, kwa kuwa hapo ndipo mshiko wa binadamu, hata awe bondia, una mwanya. Akaugeuza mkono hadi upande mwembamba wa kifundo ukaelekea kwenye mwanya ule, akakunja kiwiko, akapiga hatua kuja kwangu wala hakurudi nyuma, na mkono ukachomoka kwa urahisi uliomshangaza yeye mwenyewe. Alicheka, kisha akasema kwamba lau angelijua jambo hili zamani, marehemu mume wake angelimheshimu zaidi. Wenzake walicheka pia, ingawa si wote.

Yako mambo mengine machache ya mikono ambayo tunayarudia: kisigino cha kiganja kupigwa chini ya kidevu au puani badala ya ngumi, kwa sababu ngumi ya mzee mwenye baridi yabisi humuumiza mwenyewe, mguu kupelekwa kwenye ugoko wa mvamizi, kwa kuwa teke la juu humwacha mzee amesimama kwa mguu mmoja, vidole kuelekezwa machoni ikiwa hali imefika pabaya kabisa. Orodha yangu huishia hapo. Mtu wa miaka 70 akifundishwa mbinu thelathini, siku ya siku atasimama akitafuta ni ipi aitumie.

Wanaodai kwamba mwili wa mzee haufundishiki wamekosea vilevile. Keiko Fukuda, Mjapani mdogo wa umbo aliyezaliwa mwaka wa 1913 na kufundishwa na Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliendelea kufundisha huko San Francisco akiwa amepita miaka 90, na mwaka wa 2011 alitunukiwa daraja la kumi akiwa na miaka 98. Mtu atasema kwamba huyo alianza akiwa kijana, na ni kweli. Wa karibu nasi zaidi ni akina shosho wa Korogocho, Nairobi, katika kundi linalojulikana kama Cucu Jukinge, ambao walianza mazoezi wakiwa tayari na wajukuu. Walijikusanya kwa sababu wanawake wazee mtaani humo walikuwa wakibakwa, baadhi ya wabakaji wakiamini upuuzi kwamba mwanamke mzee hana virusi vya Ukimwi. Waliotembelewa na waandishi wa habari walionekana wakiupiga mfuko wa mazoezi kwa zamu huku wakipaza sauti za kukataa, na mimi nadhani sauti hizo zilikuwa na thamani kubwa kuliko mapigo. Wanawake wa kizazi chetu walilelewa kunyamaza. Kumfundisha mama wa miaka 68 kumwambia mwanamume "Hapana, rudi nyuma!" akiwa amemkazia macho kulituchukua muda mrefu kuliko kumfundisha kujinasua mkono.

Kuhusu fimbo nina maoni makali kidogo. Wazee wengi wa huku hutembea na bakora, na karibu wote huamini kwamba wakivamiwa wataiinua na kumchapa nayo mvamizi kichwani. Fimbo iliyoinuliwa juu huacha mbavu wazi, huchukua muda kushuka, na kijana akiidaka hugeuka kuwa mpini wa kukuburutia. Fimbo hufaa zaidi ikishikwa kwa mikono miwili, mmoja karibu na kichwa chake na wa pili katikati, halafu ikachomwa mbele kwa mkupuo mfupi kuelekea tumboni au kwenye mfupa wa ugoko, na kurudishwa papo hapo kabla haijakamatwa. Ikishikwa hivyo pia huweka umbali kati ya watu wawili, na umbali ndio mzee anaohitaji ili aondoke. Iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono ukisimama wima, iwe ya mti mgumu usiopinda, na chini ifungwe kipande cha mpira kilichokatwa kwenye gurudumu kuukuu, ambacho fundi yeyote wa viatu atakutengenezea kwa pesa kidogo. Fimbo isiyo na mpira hukutupa kwenye sakafu ya vigae au kwenye lami iliyolowa hata kabla mwizi hajatokea.

Ngeta ndiyo inayoogopwa zaidi mjini, na kwa haki. Anayepiga ngeta huja kwa nyuma, huzungusha mkono shingoni na kubana, huku mwenzake akipekua mifuko. Mkono huo unapobana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo, mtu hupoteza fahamu kwa takriban sekunde 10, na kwa mzee ambaye mishipa yake imekwisha kuwa migumu kuna hatari ya kiharusi hata baada ya kuachiliwa. Hakuna muda wa kupiga viwiko wala kukanyaga vidole. Jambo la kwanza ni kuingiza kidevu kwenye pembe ya kiwiko chake kwa kugeuza uso kuelekea upande huo, na wakati huo huo kuning'inia kwa mikono miwili kwenye mkono wake ukiuvuta chini, ili koo lipate nafasi ya hewa na mishipa ipumue. Baada ya hapo, ikiwa anachotaka ni simu na pesa, mwache apekue. Nimesikia wazee wakisema kwamba kumwachia mwizi ni woga. Mimi siwezi kukubaliana nao hata kidogo, kwa kuwa simu hununuliwa tena na laini husajiliwa upya kwa kitambulisho kile kile.

Kwa sababu hiyo mimi huenda sokoni na ile simu ndogo ya mulika mwizi, na laini yenye pesa hubaki nyumbani. Nikitembea kando ya barabara hutembea upande wa kulia, ambako magari na bodaboda hunijia usoni, na mkoba hukaa upande wa mbali na barabara. Kamba ya mkoba haizungushwi kifundoni wala haivukishwi kifuani, maana vijana wa pikipiki wakivuta, mwenye kuning'inia ndiye anayeburutwa. Siku za malipo ya serikali ya Inua Jamii, ambapo mzee aliyefikisha miaka 70 hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi na mara nyingine hulipwa ya miezi kadhaa kwa pamoja, kila mtu mtaani hujua ni nani anayekwenda kuchukua pesa na anarudi kwa njia gani. Siku hizo watu wa kikundi huenda watatu au wanne pamoja, na hawarudi kwa njia waliyoendea.

Kuhusu sauti, watu wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kufundishwa kupiga nduru. Kijijini nduru ikipigwa usiku, milima ya Maragoli huipokea na kuipitisha kutoka boma moja hadi jingine. Mjini mambo ni tofauti, kwani kuna mageti, redio, televisheni na watu wasiofahamiana, na pumzi ya mzee ni fupi. Nimewashauri wenzangu wabebe filimbi ya refa, iliyofungwa kwa uzi mwepesi unaokatika ukivutwa ili usigeuke kitanzi. Tena kuna swali la kusema nini. Ukipiga kelele za "Mwizi!" katika mitaa yetu unaweza kujikuta umeleta umati wenye mawe na gurudumu, na kijana wa watu, pengine hata asiyehusika, akauawa mbele ya macho yako, nimewahi kumhudumia aliyenusurika katika kisa cha namna hiyo, wala singependa sauti yangu ifanye kazi hiyo. Kelele za "Nisaidieni!" peke yake huwafanya wote wasubiri mwingine aende. Linalofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kuwaita majirani kwa majina: "Baba Otieno! Mama Brenda! Nimevamiwa!" Aliyesikia jina lake limeitwa hawezi kesho kudai kwamba alidhani ni ugomvi wa walevi. Lakini ili uwaite ni lazima uyajue majina hayo, na hapo mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kufahamiana na kulindana, ulioanzishwa mwaka wa 2013 na kuchekwa na wengi, unaweza kuwa na faida hata kama mikutano yake inachosha.

Nyumbani usiku kuna kanuni tofauti, hasa kwa wanaoishi mashambani, Seme au Vihiga, ambako mzee hubaki peke yake bomani baada ya watoto kuhamia mjini. Wezi wanaojua tabia zetu hawavunji mlango ikiwa wanaweza kukufanya uufungue mwenyewe. Huwatikisa ng'ombe zizini, huwarushia kuku kitu, au hugonga wakisema kwamba mjukuu wako amepata ajali. Anayetoka nje kwa ajili ya ng'ombe amewapa wezi ng'ombe pamoja na nyumba. Ni afadhali uwashe taa ya nje kwa swichi iliyo ndani, upige nduru ukiwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo, na upige simu kwa jirani mwenye mbwa wakali kabla ya kuwapigia polisi kwa 999 au 112, kwa kuwa jirani atafika kwanza. Choo kilicho mbali na nyumba ni mahali pengine pa hatari ambapo wengi huona haya kupataja. Ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba si aibu kwa mtu yeyote aliyepita miaka 65.

Mzee mmoja wa kikundi, aliyekuwa askari, hulala na panga chini ya mto na hataki kusikia ushauri. Nimebishana naye mara nyingi. Panga katika chumba chenye giza, mkononi mwa mtu aliyeamka usingizini bila miwani, huishia mkononi mwa mwenye nguvu zaidi, na mwenye nguvu zaidi ni yule aliyekuja. Tochi yenye mwanga mkali ni bora, kwa sababu ukimwelekezea mtu machoni katika giza hupofuka kwa muda naye asijue ndani kuna watu wangapi. Tumekubaliana nusu: panga limehamia juu ya kabati, na tochi iko chini ya mto. Dawa za kupuliza machoni, ambazo watoto wetu walioko ng'ambo hupenda kutuletea, mimi sizipendi, maana upepo ukigeuka, na hapa upepo wa ziwa hugeuka kila jioni, zitakupofusha na kukubana kifua wewe mwenye pumu.

Sheria pia iwekwe wazi, kwa kuwa wapo wanaoogopa kujitetea wasije wakafungwa na wapo wanaodhani kwamba mwizi hana haki yoyote. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba nguvu inayotumiwa kulinda mwili au mali itapimwa kwa kanuni za sheria ya mazoea ya Uingereza, na kanuni hizo humruhusu mtu kutumia nguvu za kiasi kinachofaa kulingana na hatari aliyoiona. Katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaika na kuamuliwa na Privy Council, mahakama ya rufaa iliyoko London, mwaka wa 1971, majaji walikubali kwamba anayeshambuliwa hawezi kuupima utetezi wake kwa mizani ya dhahabu, na mahakama zetu zimeirejelea kesi hiyo mara nyingi. Hata hivyo ruhusa hiyo hukoma pale hatari inapokoma. Mvamizi akikupa kisogo na kukimbia, fimbo unayomfuata nayo si ya kujikinga tena. Kwa mzee sheria hapa inakubaliana na magoti, kwa vyovyote vile.

Nimeyaweka mwisho yale ambayo ni magumu kuyasema. Mvamizi wa mzee, mara nyingi zaidi ya tunavyotaka kukiri, si mgeni wa barabarani. Ni mwana anayetaka shamba ligawanywe leo, mjukuu aliyenaswa na bangi na chang'aa, shemeji anayetafuta hati ya ardhi. Nilipokuwa kazini, michubuko ya mikononi iliyokuwa na umbo la vidole niliiona kwa wazee ambao walisema kwamba wameanguka bafuni, wakiwa wameketi kando ya yule aliyewaleta. Kujinasua mkono hakutoshi kwa mtu ambaye utakula naye chakula cha jioni. Hapo chombo ni Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015, ambayo humwezesha mtu kuiomba mahakama amri ya ulinzi dhidi ya jamaa yake, pamoja na simu ya 1195 ya kuwasaidia wanaodhulumiwa, ambayo hupigwa bila malipo. Hati ya shamba nayo ihifadhiwe nje ya nyumba, benki au kwa wakili, na jambo hilo litangazwe kwa sauti mbele ya familia yote ili atakayekuja kuitafuta ajue kwamba haipo.

Baya zaidi ni tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021 huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashutumu kwa uchawi. Hakuna mkao wa miguu wala fimbo itakayomkinga mtu dhidi ya kijiji kizima, na anayewaambia wazee vinginevyo anawadanganya. Kinachoweza kumwokoa ni muda, kwa kuwa umati haukusanyiki bila kutanguliwa na maneno: watoto huanza kukimbia wakikuona, majirani huacha kuchota maji pamoja nawe, jina lako hutajwa kila mtoto anapougua. Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya tangu 1925, humfanya mkosaji mtu anayemtangaza mwenziwe kuwa mchawi pasipo kupeleka madai yake kwa mamlaka, kwa hiyo kuripoti kwa chifu na polisi maneno yanapoanza tu si uchokozi. Na ikiwa kuna binti au dada mahali pengine, ni heri kulala kwake hadi yapoe. Kuondoka mapema ni kujikinga pia, ingawa najua inauma kuiacha nyumba uliyoijenga kwa mikono yako, na najua kwamba nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna mtu anayelitazama shamba.

Aliyeshambuliwa aende hospitali hata kama anajiona mzima, hasa akiwa amegonga kichwa. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na asioge wala kufua nguo alizovaa ili ushahidi usipotee. Hapa Kisumu Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Russia, hupokea wagonjwa wa namna hiyo, na mwanamke wa miaka 75 asikubali kuambiwa na yeyote, hata na moyo wake, kwamba mambo hayo ni ya wasichana. Polisi waandikishe kisa katika kitabu chao na wakupe nambari, kisha fomu ya P3, ambayo hueleza majeraha kwa ajili ya mahakama, ijazwe na daktari.

Wengi hawaripoti, na sababu wanayonipa si hofu ya polisi. Wanaogopa watoto wao. Wanajua kwamba wakisema walisukumwa mlangoni, kesho mwana atapiga simu kutoka Nairobi akisema mama ahame, shamba likodishwe, kuku wauzwe, na ahamie chumba cha nyuma huko Umoja asikomjua mtu. Kwa hiyo wanaficha jeraha kwa shuka. Kwenu ninyi watoto mnaosoma haya: mama akikwambia kwamba amevamiwa, muulize kwanza anataka nini kifanywe. Kuna uwezekano mkubwa atataka taa ya nje, komeo la ndani lisilohitaji kuinama, na mtu wa kulala chumba cha pili kwa wiki chache. Fundi wa kufanya hayo yote hupatikana kwa siku moja, na gharama yake haifiki nauli ya kumhamisha yeye na vyombo vyake.